Meza ya Mashine ya Moyo Isiwekewe Karatasi

Siku niliyokabidhi funguo, vijana wa chumba cha mashine ya moyo waliniandalia soda na keki, wakanisifu kwa mambo ambayo mengi sikuyafanya. Kisha mmoja wao, Neema, akauliza swali ambalo nadhani wote walikuwa wamelibeba kwa miaka.

"Mama Hilda, sasa unaondoka. Tunaruhusiwa kuweka karatasi chini ya mguu wa meza?"

Nilimjibu hapana, nikaendelea na keki. Baadaye nyumbani niliona sikuwatendea haki. Mtu hawezi kuwakataza watu kwa miaka yote hiyo wasitulize meza inayoyumba, kisha akaondoka bila maelezo. Kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara naviruka, maana havina cha kumfundisha mtu. Nitaandika habari ya meza, ya waya, na ya mama mkwe wangu.

Nilianza kazi katika hospitali yetu ya misheni mwishoni mwa miaka ya themanini, nesi mpya, sanduku la bati kichwani na viatu vyeupe miguuni. Ilikuwa masika. Toka barabara kuu kupanda mpaka getini, matope yalivibadilisha rangi viatu vile, na havikurudi tena kuwa vyeupe. Migomba ilifika mpaka madirishani, na mkungu ukiiva tuliusikia tukiwa wodini ukidondoka. Wagonjwa walijua ni mkungu wa nani na wakapeana taarifa.

Mashine ya kupima mapigo ya moyo ilitukuta pale mwaka wangu wa pili. Ilitumwa kutoka Ujerumani pamoja na kitabu cha maelekezo cha Kijerumani na rola moja ya karatasi. Fundi seremala wa hospitali aliitengenezea meza ya mninga. Miguu mitatu ya meza ile ilielewana. Wa nne ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole cha mtoto, na fundi alipoambiwa akasema sakafu ndiyo yenye makosa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kanuti, mganga msaidizi, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Yeye alijifunza kusoma michoro ya moyo mjini, na alinifundisha waya kwa njia yake. Waya mwekundu ni mkono wa kulia, kwa sababu padre hubariki kwa mkono huo. Wa njano ni mkono wa kushoto, kwa sababu ndizi mbivu hushikwa kwa mkono huo ili wa kulia ubaki wa kumenya. Wa kijani ni mguu wa kushoto, unaokanyaga majani pembeni mwa njia. Mweusi ni mguu wa kulia, unaotangulia kwenye matope. Nimewafundisha wengi kwa vitabu vizuri vyenye picha, na bado nikimwona padre akibariki naona waya mwekundu.

Jeli ya kupaka ilikwisha mwezi wa tatu. Tukatumia pamba iliyolowekwa maji ya chumvi, na moyo haukujua tofauti. Vikombe vya mpira vya waya nyingine sita, vinavyonyonya kifua, viliacha duara sita nyekundu, na ndiyo sababu mwalimu mmoja wa shule ya msingi alirudi kwangu siku ya pili yake, mkewe akiwa nyuma yake amekunja mikono. Ilibidi niandike barua yenye mhuri kuthibitisha kwamba duara zile ni za hospitali. Mke aliisoma mara mbili, akaomba naye apimwe ili alinganishe. Nikampima. Wakaondoka wamepatana, kila mmoja na zake sita.

Mzee Kanuti alinipa sheria mbili, na zote mbili nilizishika isipokuwa siku moja.

Ya kwanza ilikuwa ya kijiti cha kiberiti. Kwenye mchoro wa moyo kuna mlima mkali, halafu kilima cha mviringo, halafu uwanda, halafu mlima mwingine. "Pima toka mlima mpaka mlima," alisema. "Kata kijiti nusu ya njia hiyo. Kilima kiwe kimekwisha kabla ya kijiti kuisha. Kikizidi, huyo mtu usimruhusu kwenda nyumbani." Nilikuwa na kiberiti mfukoni kila siku ya kazi, na wageni walidhani ninavuta sigara kwa siri.

Ya pili ilikuwa ya mkoba. Mgonjwa ukimwuliza anatumia dawa gani atakwambia hatumii, au atakwambia ile moja anayodhani utaipenda. "Usibishane naye," alisema Mzee Kanuti. "Mwambie amwage mkoba mezani." Na kweli, mikoba ikimwagwa ilisema yote. Nimeona vidonge vya minyoo vya ng'ombe. Nimeona dawa ya macho ikinywewa kwa kijiko. Nimeona mzee aliyeapa kwamba hajawahi kumeza kidonge maishani, na mkobani mwake akiwa na vidonge vya wajukuu watano, kimoja kimoja, alivyowasaidia kumaliza.

Sasa mama mkwe. Mama Apolonia alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa parokia, mwanamke mrefu, mnyoofu, sauti yake ikisikika ng'ambo ya mfereji. Alikuwa na ng'ombe wawili bandani, kahawa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, na chafya. Chafya zake zilikuja kumi na moja, hazikuzidi wala kupungua. Zilikuja asubuhi baada ya chai, mchana baada ya chakula, na Jumapili muda mfupi kabla ya mageuzo, wakati kanisa zima limepiga magoti kimya. Watoto wa mafundisho walizihesabu kwa vidole, na kwa kuwa vidole ni kumi, ile ya mwisho waliihesabu kwa pua.

Sote tuliamini ni mzio. Wengine walisema vumbi la majani ya ng'ombe, wengine maua ya kahawa. Nilimpa piritoni. Pua ikanyamaza, na yeye mwenyewe akanyamaza. Alilala akikamua, paji la uso likiwa ubavuni mwa ng'ombe, na ng'ombe yule mwenye adabu akasimama kumsubiri. Alilala katika kikao alichokuwa anakiongoza, na waliokuwepo wanasema hakijawahi kutokea kikao kifupi chenye maamuzi mengi kama kile. Alipozinduka na kusikia yaliyoamuliwa, aliniambia, "Mama Hilda, dawa yako nimeiacha. Afadhali nipige chafya nikiwa mwenyekiti."

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, maduka ya dawa ya watu binafsi yakifunguliwa Moshi mjini kila mtaa. Sisi tuliozoea kuambiwa "hakuna" kabla hatujamaliza swali, tuliingia humo tukitembea polepole. Nilimweleza muuzaji habari ya ng'ombe na ya kikao. Akacheka, akanishushia boksi jipya, vidonge vimefungwa kwenye karatasi ya fedha. Terfenadini. "Hii ya mzio hailazi mtu," akasema.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nyingi, Kiingereza kitupu, herufi ndogo kuliko sisimizi. Nilisoma mstari unaosema ni vidonge vingapi kwa siku. Mimi ni mtu wa hospitali, niliona hiyo inanitosha. Karatasi yenyewe ilikuwa nzuri, nzito kiasi, ikakunjika vizuri. Nilipofika kazini niliikunja mara mbili zaidi, nikaisukuma chini ya mguu wa nne wa meza. Meza ikatulia kwa mara ya kwanza tangu itoke mikononi mwa fundi. Nilijipongeza.

Dawa ilimfaa Mama, au tuseme ilionekana kumfaa. Chafya zilishuka mpaka nne. Alikamua macho wazi. Akawasimulia akina mama wote wa parokia kuhusu dawa ya mkwe wake anayefanya kazi kwenye mashine, na nakiri nilianza kutembea kanisani kwa mwendo mwingine.

Sifa hizo zilimfikia Mama Leonsi. Huyu ni mke wa mdogo wa mume wangu, alikuwa akiuza vitenge Holili, mpakani, na hakuwa mtu wa kuachwa nyuma. Aliangalia mwili mzima wa mama mkwe akitafuta mahali ambapo dawa yangu haikufika, akapaona miguuni. Mama alikuwa na fangasi za kucha za siku nyingi, kwa sababu ya kusimama kwenye banda lenye majimaji. Wiki iliyofuata Mama Leonsi akaleta kutoka ng'ambo ya mpaka vidonge vya fangasi vilivyosifiwa sana. Ketokonazoli. Alimpa faraghani, na mimi sikujua. Toka siku hiyo pua ilikuwa yangu na kucha zilikuwa zake.

Mama Apolonia alikuwa na kanuni moja nyumbani kwake: mkwe mmoja asizidiwe na mwingine. Nikimletea sukari na Mama Leonsi akaleta sabuni, alishukuru kwa maneno yaleyale na urefu uleule. Kwa hiyo vidonge vyetu alivinywa pamoja, kimoja mkono wa kulia na kingine wa kushoto, akavitupa kinywani kwa mpigo mmoja, ili asiwepo wa kwanza wala wa pili. Hayo alikuja kutueleza baadaye, na alitueleza kwa majivuno.

Jumapili moja, baada ya wiki kama mbili, alisimama kanisani kusoma matangazo ya akina mama. Alifika kwenye usafi wa makaburi, akanyamaza, akashuka chini polepole, akatoweka nyuma ya kinanda. Wengine walidhani ameinama kuokota miwani. Mwanakwaya mmoja aliona ni upako, akaanzisha wimbo, na kwaya ikadakia. Alizinduka katikati ya ubeti wa pili, akasimama, akaendelea na usafi wa makaburi kutoka alipoishia.

Jumatatu asubuhi nilimleta hospitali kwa pikapu ya parokia, akilalamika njia nzima kwamba ng'ombe hawajala. Nikamlaza kitandani kando ya mashine.

"Shikamoo, Mama. Naomba ufungue vifungo vya gauni nikuwekee waya kifuani."

"Marahaba. Vifungo vyangu sivifungui mbele ya mke wa mwanangu."

"Mama, ni kazi. Nauangalia moyo tu."

"Moyo wangu unaujua. Huna haja ya kuuona."

Nikampima kwa mikono na miguu peke yake, waya nne, soksi zikishuka kidogo kwa makubaliano. Mkoba wake wa ukindu alikuwa ameukumbatia tumboni. Karatasi ikatoka. Nikatoa kiberiti, nikakata kijiti nusu ya njia toka mlima mpaka mlima. Kijiti kikaisha na kilima bado kinaendelea. Kilikuwa kimesogea mbele kabisa, kinakaribia kugusa mlima unaofuata.

Sikuamini. Nikailaumu mashine. Nikamwita mlinzi, nikampima, kilima kikakaa pake. Moyo wa mlinzi ulikuwa umetulia kuliko wote niliowahi kupima, nadhani kwa sababu ya kazi yake. Nikampima sista wa stoo, sawa. Nikajipima mwenyewe, nikajifunga waya kwa meno, sawa, ingawa mbio. Mashine haikuwa na kosa. Na meza ilikuwa imetulia kabisa.

Dokta Msuya alikuwa kijana wa Upareni aliyepanda kwetu siku mbili kwa wiki. Aliangalia mchoro, akakaa kwenye kiti bila kukiangalia, akaniuliza, "Mama anatumia dawa gani?"

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, unatumia dawa gani?"

"Yako tu, mwanangu," akasema, akaukumbatia mkoba zaidi.

Hapa ndipo nilipovunja sheria ya pili ya Mzee Kanuti. Mgonjwa mwingine yeyote ningemwambia amwage mkoba kabla hajamaliza kupumua. Lakini kwetu mke wa mwana hafungui mkoba wa mama mkwe. Anaweza kumpikia, kumwogesha akiugua, kumfunga kanga. Mkoba anaupokea mlangoni, anautundika kwenye msumari, basi. Nilimwangalia Mama, Mama akaniangalia, nikamwambia daktari, "Anatumia yangu tu." Dokta akaandika, akaenda wodini kuangalia kitabu chake.

Dokta hakuwa amefika mwisho wa korido. Mama alikuwa ananieleza jinsi ya kuwapa ng'ombe pumba, akakata sentensi katikati. Macho yakapanda juu. Kalamu ya mashine ikaanza kukimbia juu na chini, michoro mipana, ikasinyaa, ikatanuka tena, karatasi ikatoka imesukwa kama kamba ya kufungia mbuzi. Milima na vilima havikuwepo tena. Nilipiga kelele kumwita daktari. Niliogopa, nasema wazi. Nilikuwa nimepima mioyo ya watu kwa miaka na sikuwahi kushika mkono wa mtu huku mashine ikinionyesha anavyoondoka. Nilihesabu. Nilipofika kumi na moja, kamba ikakatika, mlima ukarudi, na mwingine.

"Usichanganye na chumvi nyingi," akasema Mama, akimalizia habari ya pumba. "Mbona unalia?"

Dokta Msuya aliingia anakimbia, akaishika ile karatasi. "Magnesi. Haraka. Mnayo?"

"Iko wodi ya wazazi," nikasema, maana tuliitunza kwa ajili ya kifafa cha mimba.

"Ilete. Na huo mkoba umwagwe. Ikirudi tena ndefu zaidi ya hiyo, hatutampata."

Nilimwambia, "Mama, nisamehe," nikauvuta. Akaushikilia. Tulivutana, mimi na mwenyekiti wa akina mama, waya nne zikiwa bado mwilini mwake na mashine ikichora ugomvi wetu wote. Nilikuwa na nguvu zaidi kwa sababu ya woga. Mkoba ukapinduka juu ya shuka.

Ikadondoka rozari. Funguo za ghala. Peremende tatu. Leso nyeupe iliyofungwa vifundo viwili: kwenye kifundo kimoja vidonge vyangu, kwenye kingine vidonge ambavyo sikuvijua. Na mwisho, likiviringika mpaka kwenye goti la daktari, kopo dogo la bati.

Dokta alisoma jina nyuma ya karatasi ya fedha ya vile vidonge vigeni, akafumba macho. Akaagiza magnesi iingizwe kwa dripu polepole, akasimama pale mpaka ilipoanza kuingia. Kisha akaokota kopo, akafungua, akanusa. Alipiga chafya nne mfululizo.

"Mzio umepatikana," akasema, akifuta machozi.

Ulikuwa ugoro. Ugoro wa Mama Apolonia, ambaye kikao chake mwenyewe kilikuwa kimepiga marufuku ugoro kwa akina mama wote wa parokia, na si kile kikao alicholala.

"Hilo kopo si langu," akasema kutoka kitandani.

"Ni la nani, mama?"

"La marehemu mama yangu."

"Alifariki lini?"

"Zamani sana."

"Pole. Ugoro wake ni mbichi."

Hapakuwa na mzio. Hapakuwa na vumbi la majani wala maua ya kahawa. Nilikuwa nimesafiri mpaka mjini kutibu ugoro.

Dokta alitueleza baadaye, na nawaelezeni ninyi kwa sababu mtakutana nayo kwa dawa nyingine. Ile dawa ya mzio ikimezwa, ini huisaga ikawa kitu kingine kisicho na madhara kwa moyo. Ile ya fangasi huingia ikaizuia mashine ya kusagia. Dawa ya mzio inabaki nzima, inalundikana, inafika moyoni, na moyo unachelewa kujitayarisha kwa pigo linalofuata. Kilima kinarefuka. Kikirefuka mno, inakuja ile kamba.

"Lakini hayo yameandikwa," akasema. "Boksi lilikuwa na karatasi ya maelezo. Iko wapi?"

Nilitamani kusema sijui. Nikapiga magoti, nikamwomba mlinzi ainue meza kidogo, nikaivuta. Ilikuwa na alama ya mguu, mraba uliodidimia. Dokta aliikunjua kifuani pake, akaisoma kwa Kiingereza, kisha akaitafsiri polepole: usitumie pamoja na ketokonazoli, kuna hatari ya moyo kwenda vibaya na hata kifo. Maneno yale yalikuwa ndani ya ule mraba. Kwa wiki zote zile onyo lilikuwa linabeba mashine ya moyo, na mimi nilikuwa nimelikunja kwa mikono yangu ili meza isiyumbe.

Mlinzi aliiachia meza, ikayumba. Daktari yule angeweza kunisema mbele ya watu na ningestahili. Alinirudishia karatasi, akaniambia nikae na mama yangu.

Kwa kuwa magnesi na wauguzi waliojua kuiangalia walikuwa wodi ya wazazi, Mama alilazwa huko, kitanda cha dirishani, kati ya wanawake wawili waliojifungua. Hapo habari ikatoka nje ya mikono yetu. Mtu aliyekuja kumwona binti yake alimwona mwenyekiti, umri wake miaka sitini na nane, amelazwa uzazi na dripu mkononi. Kabla ya saa sita mchana habari ilikuwa imefika sokoni. Akina mama wa parokia walikuja na mtori kwenye ndoo yenye kifuniko, mtori wenyewe wa mzazi, wenye mafuta. Mama aliangalia ndoo, akatuangalia, akasema ahsante, akanywa bakuli mbili. Baba mkwe alipongezwa kilabuni, kwenye pombe ya mbege. Wanasema hakukanusha, alisogea tu kwenye benchi akae vizuri zaidi.

Dokta Msuya alitaka pia ale vitu vyenye madini ya potasi, akaandika kwenye faili: ndizi. Mama akaomba asomewe.

"Mpare amepanda mlima mzima kuja kuniambia mimi Mchagga nile ndizi," akasema. "Aika, ahsante yake. Mwambieni nimepona."

Hakuwa amepona bado. Nilimpima kila asubuhi, waya nne, na kijiti changu. Siku ya pili kilima kilirudi nyuma kidogo. Siku ya nne kijiti na kilima vililingana. Siku ya sita kilima kikaisha kabla ya kijiti, nikakaa sakafuni nikiwa nimeshika karatasi, nikalia kwa mara ya pili wiki ile.

Siku hiyohiyo nilienda mpakani mwa kihamba chetu nikakata jani la isale. Ninyi wa kutoka mbali mnaofanya kazi kwetu, jani hilo mnaliona limepandwa kwenye mipaka. Mtu aliyekosa akikujia amelishika, humkatai. Nilivaa kanga safi, nikaingia wodi ya wazazi. Mlangoni nikakutana na Mama Leonsi, kanga safi, jani la isale mkononi. Hatukuwa tumeambiana. Tuliangaliana majani, kila mmoja akipima la nani refu zaidi, nasema ukweli. Kisha tukaingia pamoja kwa sababu mlango ulikuwa mpana.

"Shikamoo, Mama," tukasema.

"Marahaba. Mmeniletea majani kama ng'ombe."

"Mama, nimekosa," nikasema. "Karatasi ilikuwa na onyo, mimi nikaiweka chini ya meza."

"Na mimi nimekosa," akasema Mama Leonsi. "Nilileta dawa nikakwambia usimwambie Mama Hilda."

Wale wazazi wawili wakaacha kunyonyesha ili wasikie. Halafu Mama akanyoosha mikono yote miwili, akayashika majani yote mawili kwa wakati mmoja, mkono huu la kwangu, mkono huu la mwenzangu, akayavuta kwa mpigo mmoja.

"Na mimi nina la kuomba," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Kopo."

Tukamwambia kopo hatukuliona. Dokta naye alisema hakuliona. Siri hiyo tumeificha mpaka leo ninapoandika, na naandika kwa sababu waliomchagua mwenyekiti wote wametangulia.

Alipokuwa anatoka aliniomba ile karatasi yenye alama ya mguu. Nilimwuliza ya nini, naye hasomi Kiingereza. "Imebeba mashine," akasema, "itanibeba na mimi." Dawa ile ya mzio iliondolewa madukani miaka michache baadaye, zikaja nyingine salama zaidi.

Toka siku ile, kila alipokuja kupimwa, Mama aliingia bila kusubiri salamu, akapindua mkoba wake mezani mbele ya wagonjwa wote na kuwaambia nao wamwage. Mmewahi kuniuliza kwa nini wazee wa vijiji vya huku hufika kwenu na kupindua mifuko kabla hawajaulizwa. Walifundishwa na mwenyekiti.

Aliishi miaka mingine kumi na minne, akafariki kwa uzee, kitandani kwake. Baada ya mazishi wifi zangu waliutundua mkoba wa ukindu kwenye msumari, wakanikabidhi mimi na Mama Leonsi, wakasema marehemu ameagiza tuufungue pamoja. Tuliumwaga kitandani. Rozari. Funguo za ghala. Majani mawili ya isale yaliyokauka, yamefungwa uzi mmoja. Ile karatasi, bado ina mraba. Na kopo la bati, ambalo tulilitikisa, na lilikuwa limejaa nusu.

Mama Leonsi alilifungua. Tulipiga chafya mpaka waombolezaji wakaja kutuangalia, na hatukuweza kuwaeleza tunacheka nini wala tunalia nini.

Kwa hiyo, Neema, jibu ni lilelile. Karatasi isomeni mpaka mwisho, muiweke kwenye faili. Meza iacheni iyumbe.